Tusome Riwaya za Siri za Nyumbani

Kama unausoma ukurasa huu bila kusaidiwa, umekwisha kuivuka hatua ya a-e-i-o-u. Unaweza kusoma barua, tangazo la kijiji na maelezo yaliyo kwenye chupa ya dawa ya pamba. Hiyo si kazi ndogo. Sasa limebaki swali moja: usome nini ili kisomo chako kisipotee?

Wengi watakujibu upesi. Watasema usome habari za kilimo bora, afya, ufugaji wa kuku na hesabu za duka. Wanasema kweli. Vitabu hivyo ni vya lazima. Lakini ukitaja riwaya, yaani kitabu cha hadithi ndefu ya maisha ya watu, baadhi yao hukunja uso. Na ukisema kwamba riwaya yenyewe inasimulia mambo ya ndani ya nyumba, mume na mke, baba na binti, mapenzi ya siri, mali ya yatima iliyoliwa, hapo hukataa kabisa. Husema: "Huo ni umbea. Mtu mzima hakuacha jembe lake aje darasani kusoma umbea."

Mimi sikubaliani nao. Maoni yangu ni haya: riwaya za mambo ya nyumbani zina haki ya kukaa katika sanduku la vitabu la darasa la kisomo, pamoja na kitabu cha mbolea. Tena zisisomwe tu na kuwekwa. Zisomwe, zijadiliwe na kupimwa, kwa sababu ndani yake kijiji kinaweza kuyazungumza mambo yake mazito bila kumtaja mtu yeyote kwa jina. Nitaeleza sababu zangu moja moja. Wewe zipime.

ASIYEJUA KUSOMA HANA SIRI

Mtu asiyejua kusoma alipoletewa barua na mwanawe aliye mjini, alifanya nini? Aliipokea, akaigeuza huku na huku, kisha akaipeleka kwa mwalimu au kwa mtoto wa jirani aliye darasa la tano. Mtoto akaisoma kwa sauti. Ikiwa ndani mna habari ya deni, deni likajulikana. Ikiwa mna habari ya ugonjwa wa aibu, ugonjwa ukajulikana. Na jibu la barua likaandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Leo barua zimepungua, na ujumbe mwingi huja katika simu ya mkononi. Lakini jambo ni lile lile. Asiyejua kusoma humpa mwenziwe simu amsomee, na mwenziwe husoma yote.

Kwa hiyo, siku uliyojua kusoma ulipata kitu ambacho hakikuandikwa katika cheti chako. Ulipata siri yako mwenyewe.

Lakini siri ni mzigo, na mizigo haifanani. Kuna siri ambayo ni stara. Mume na mke waligombana usiku, asubuhi wakapatana. Hilo si jambo la kutangazwa kisimani. Kuna na siri nyingine iliyo kama kidonda kilichofungwa kitambaa bila kuoshwa. Kwa nje ni kisafi, ndani kinaoza. Wazee walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Nani atatufundisha kuitofautisha siri ya kwanza na ya pili? Kitabu cha mbolea hakikuandikwa kwa kazi hiyo. Riwaya nzuri imeandikwa kwa kazi hiyo. Nitakutolea mifano miwili.

BARUA MOJA KATIKA KIJIJI CHA NAMAGONDO

Mfano wa kwanza ni riwaya ya Rosa Mistika. Ilitolewa mwaka 1971. Mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akafariki mwaka 2020. Hadithi yenyewe inaanzia huko huko Namagondo. Si hadithi ya majumba ya wafalme. Ni hadithi ya nyumba ya mkulima kama yako na yangu.

Katika nyumba hiyo mna baba anayeitwa Zakaria. Ni mlevi na mkali. Mkewe, Regina, anavumilia kipigo. Binti yao mkubwa ni Rosa. Rosa anaandikiwa barua na kijana anayeitwa Charles. Baba anaipata barua hiyo, na anampiga Rosa kipigo kikali kupita kiasi. Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wanaume wote.

Je, hapo baba ameshinda? Kwa macho, ndiyo. Binti ametulia. Lakini hakuna aliyeketi na Rosa akamweleza mapenzi ni nini, mwili wake una mambo gani, na mtu ajilinde vipi. Fimbo ilimfundisha jambo moja tu: mambo haya baba asiyajue.

Kisha Rosa anakwenda shule ya bweni. Huko hakuna baba wala fimbo yake. Baada ya muda anaingia katika mapenzi, tena na wanaume wenye vyeo. Anapata mimba na kuzitoa kwa siri. Miaka inapita, anajirudi. Yule yule Charles wa barua anataka kumwoa. Lakini Charles anapojua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Na mwandishi haishii kaburini. Anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wajibu mashitaka.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Ile barua ilikuwa karatasi moja tu. Kama Zakaria angeuliza maswali mawili au matatu, na kama angekuwa baba anayeweza kujibiwa, habari ingeweza kuishia pale pale uani. Hivyo ndivyo siri ndogo inavyokua. Inakua kwa sababu mtu wa kuambiwa hayupo.

MZEE NA MWANAKISOMO

Kazi yangu ya Elimu ya Watu Wazima hunipitisha katika madarasa mengi. Darasa moja lilikuwa likisomewa sura za mwanzo za riwaya hiyo. Mzee mmoja akasema: "Huyu Zakaria alifanya kazi ya baba. Mtoto wa kike asiyechapwa ataleta aibu." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma akauliza: "Na huyo baba alipokuwa kilabuni hadi usiku, shikamoo mzee wangu, nani alikuwa akiifanya hiyo kazi ya baba?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Kila mtu alijua kwamba swali halikuwa la Zakaria peke yake. Lakini hakuna aliyetajwa, na hakuna aliyeweza kukasirika. Ungekasirika vipi, na mtu aliyesemwa ni wa kitabuni?

Baada ya hapo mazungumzo yakageuka. Wakaulizana ni nani siku hizi anayezungumza na binti anapovunja ungo. Zamani alikuwa bibi au shangazi. Sasa binti anakwenda sekondari akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na shangazi yuko wilaya nyingine. Mama anaona haya. Baba anasema hiyo ni kazi ya mama. Mwalimu anasema hiyo ni kazi ya wazazi. Kwa hiyo binti huambiwa na yule anayemtaka, naye humwambia anayotaka yeye.

Hawakukubaliana siku hiyo. Mzee alibaki na fimbo yake. Lakini yule mama na wenzake wawili walibaki nje ya darasa wakizungumza juu ya binti zao, na mazungumzo hayo hayakuwa umbea.

Jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliojifungua wanaruhusiwa kurudi masomoni. Mlango umefunguliwa. Lakini mlango huo humfaa msichana aliyebaki hai. Anayemwogopa baba yake kupita kiasi anaweza kwenda kwa mtu wa vichochoroni kuitoa mimba kabla hajasikia kwamba mlango uko wazi. Ikiwa kusoma riwaya moja kutamfanya baba mmoja aseme, "Mwanangu, lolote likikupata njoo uniambie mimi kwanza," basi riwaya hiyo imefanya kazi ya zahanati.

NYUMBA YA MTU ANAYEHESHIMIWA

Mfano wa pili unatoka Zanzibar. Ni riwaya ya Utengano, ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa mwaka 1980. Hapa baba si mlevi wa kilabuni. Ni Bwana Maksuudi, tajiri anayeheshimiwa na kusimama mbele ya watu kutafuta uongozi. Nyumbani amemfungia mkewe, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna. Hawatoki wala hawachanganyiki na watu. Mwenyewe husema hiyo ni heshima ya nyumba.

Lakini heshima hiyo ina upande wa pili. Maksuudi huyo huyo anamfuata kwa siri mwanamke anayeitwa Kazija. Tena Kazija huyo huyo anafuatwa na Mussa, mtoto wa kiume wa Maksuudi. Huko nyuma kuna siri nzito zaidi. Maksuudi aliwahi kumwoa Mwanasururu, binti wa Bi Farashuu, akamdhulumu mali yake. Bi Farashuu hakusahau. Kazija ni mjukuu wake.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyofungana. Bi Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga anayekuja kumsaidia ni Bi Farashuu, mtu ambaye Maksuudi hataki kumwona nyumbani kwake. Mume anaporudi na kumkuta, hasira inampanda, na Bi Tamima anapewa talaka. Maimuna, aliyefungiwa maisha yake yote, anatoroka. Anaangukia katika maisha ya baa na ya kuuza mwili mjini, maana hakuwahi kufundishwa namna ya kutembea peke yake hata hadi dukani. Yatakayompata baadaye sikusimulii. Kausome mwenyewe.

Weka vitabu hivi viwili pamoja, uone. Zakaria alitumia fimbo, Maksuudi alitumia ukuta. Mmoja mkulima, mmoja tajiri. Mmoja wa Ukerewe, mmoja wa riwaya ya Zanzibar. Wote wawili walidhani kwamba binti hulindwa kwa kutojua. Na wote wawili walikuwa na mambo yao ambayo hawakutaka yaulizwe. Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Katika riwaya hizi waliochuma janga ni baba, na wa kwao waliolila ni binti.

WANAOSEMA VITABU HIVI VINAHARIBU WATU

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana si haki kuhukumu bila kusikia upande wa pili.

Wa kwanza husema: "Vitabu hivi vina mambo ya chumbani. Vitaharibu watu." Hofu hii si ya leo. Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa kusomwa shuleni, na baadaye ikaruhusiwa. Mimi nakubali kwamba si kila kitabu ni cha kila umri. Usimpe mtoto wa darasa la tatu riwaya hii. Lakini darasa la kisomo ni la watu wazima. Wamo walioolewa, walioacha na kuachwa, waliozaa na kuzika. Yaliyomo kitabuni wanayajua kuliko mwandishi. Wasichokuwa nacho ni mahali pa kuyazungumza kwa utulivu.

Wa pili husema: "Mambo ya ndani hayatolewi nje." Kweli, ya ndani kwangu sitayatoa, na ya ndani kwako usiyatoe. Lakini Namagondo ya kitabuni haina mlango wa mtu yeyote. Tukiijadili hatumvui mtu nguo. Hiyo ndiyo faida ya hadithi iliyotungwa. Kesi ya kweli ikipelekwa barazani, watu wanakuwa na upande. Huyu ni ndugu, huyu ni jirani, huyu nadaiwa naye. Kesi ya Rosa haina ndugu wa mtu. Unaweza kuitazama kwa haki, kisha ukarudi nyumbani ukaitazama yako.

Nitaongeza jambo moja kwa anayeshikilia msemo huo. Mara nyingi anayesema "mambo ya ndani" ndiye mwenye nguvu humo ndani. Mke anayepigwa hakuomba siri hiyo itunzwe. Yatima aliyeliwa shamba hakuiomba. Siri ya namna hiyo haimsitiri anayeumia. Inamsitiri anayeumiza.

Wa tatu husema: "Hatuna muda. Kisomo ni cha maendeleo." Namjibu kwa historia yetu wenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kukafanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyesema majadiliano yale yalipoteza muda, maana vyoo vilionekana. Basi njia ni ile ile. Nyumba isiyo na mazungumzo nayo ina uchafu wake, na uchafu huo nao huua. Ukisomwa, ukajadiliwa na ukatafutiwa dawa, hayo ni maendeleo.

KUHAKIKI NI KAZI UNAYOIJUA

Labda unasema: "Kusoma nitasoma, lakini kuhakiki kitabu ni kazi ya wasomi wakubwa." Sivyo. Kuhakiki ni kupima. Umepima mambo maisha yako yote. Umepima mbegu kabla ya kupanda na mahari kabla ya kukubali. Umekaa barazani ukasikiliza kesi, ukauliza nani alianza, nani alishuhudia, na kama hukumu ilikuwa ya haki. Kitabu nacho hupimwa hivyo hivyo.

Kama unataka mwalimu wa kupeleleza, msome Bwana Msa. Huyo ni mpelelezi katika riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ya kwanza iliyochapishwa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitolewa mwaka 1960. Wengine wanapokimbilia habari za mizimu, Bwana Msa hukaa na kiko chake, akatazama na kuuliza. Fanya kama yeye. Jiulize mambo haya matano:

Kwanza, ni nini kilitokea? Kisimulie kitabu kwa maneno yako mwenyewe, kwa kifupi. Ukishindwa, kirudie.

Pili, ni nani alijua nini, na alijua lini? Katika riwaya za siri hili ndilo swali kubwa. Fuata siri kama unavyofuata nyayo za mbuzi aliyepotea. Ilianzia kwa nani? Ikapita kwa nani? Nani angeweza kuisema mapema, na kwa nini hakusema?

Tatu, watu wa kitabuni wanafanana na watu? Mtu mwovu ana jambo lolote jema? Mtu mwema ana udhaifu? Mwandishi akikuletea shetani mtupu au malaika mtupu, mtilie mashaka.

Nne, mwandishi anamhurumia nani, na anamsahau nani?

Tano, wewe unakubaliana na hukumu yake? Sema ndiyo au hapana, na utoe sababu kutoka kitabuni. "Sikipendi" peke yake si uhakiki. "Sikipendi kwa sababu katika sura fulani mtu fulani alifanya hivi" ndiyo huanza kuwa uhakiki.

Nitakuonyesha kwa maoni yangu mwenyewe. Katika Rosa Mistika, nampongeza Kezilahabi kwa kuthubutu kusema yaliyokuwa yakinong'onwa, tena kwa sentensi fupi ambazo hata msomaji mgeni anaweza kuzifuata. Lakini ninalo la kumlaumu. Rosa anabeba adhabu nzito kuliko wanaume waliomchezea. Wao wana vyeo na umri, naye ni mwanafunzi. Mwisho wa hadithi kaburi ni la nani? Tena ningependa kumsikia zaidi mama yake, Regina. Aliona mengi katika nyumba ile. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa haikupewa nafasi ya kutosha ya kusema.

Katika Utengano, nampongeza mwandishi kwa kuonyesha kwamba dhuluma ya zamani haifi kwa sababu tu imenyamaziwa. Dhuluma aliyotendewa Mwanasururu ilirudi mlangoni. Lakini nauliza: kisasi cha Bi Farashuu kilimpata nani kwanza? Kilimpata Tamima na Maimuna, ambao nao walikuwa wakiteswa na Maksuudi huyo huyo. Je, mwandishi anakiona hilo kama kosa, au anakubali kwamba mwenye kulipiza hachagui? Mimi naona kitabu kinatuachia swali hilo mikononi. Wewe unaweza kuona vingine. Ukinipinga kwa sababu za kitabuni, umekwisha kuwa mhakiki.

MASHARTI YA DARASA

Ili kazi hii iende vizuri, nashauri kila darasa liwe na masharti yake. Haya manne yanafaa kuanzia.

Sharti la kwanza: asitajwe mtu wa kijiji. Anayesema "Huyu Maksuudi ni kama fulani" anyamazishwe hapo hapo, hata kama darasa zima linamfikiria huyo fulani. Bila sharti hili, riwaya inageuka kuwa umbea kweli, na waliotupinga watakuwa wameshinda.

Sharti la pili: wanawake wasemwe na kusema. Mara nyingi wanaume huanza na kumaliza mazungumzo. Mwalimu awape wanawake nafasi ya kwanza inapofika habari ya nyumba. Kama wanaona haya mbele ya wakwe zao, wapewe kikundi chao.

Sharti la tatu: kitabu kimoja kitoshe wote. Nakala huwa chache. Msomaji mmoja asome sura moja kwa sauti, mwingine aifuate. Kila mtu apate zamu, hata anayesoma polepole. Wenye kusikiliza wasicheke anayekwama. Kila jioni sura moja inatosha. Utaona kwamba aliyekuwa akichelewa darasani anafika mapema, kwa sababu anataka kujua yaliyompata Rosa.

Sharti la nne: yanayosemwa na mtu kwa uchungu yabaki darasani. Hutokea mwanakisomo akiguswa na kitabu akasema la kwake. Hilo ni amana. Lakini kama anayoyasema ni hatari kwa maisha, kama vile kipigo au mtoto anayeharibiwa, mwalimu asikae kimya. Amsaidie mtu huyo, kwa ridhaa yake, kufika kwa ofisa ustawi wa jamii, zahanati au polisi. Anayeharibiwa akiwa mtoto, taarifa ipelekwe hata kama mzazi wake hataki. Hapo ndipo tunapotofautisha stara na kidonda kinachooza.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, kisomo ni kama panga. Usipolitumia hushika kutu. Wapo waliopata vyeti vyao, wakavitundika ukutani, na baada ya miaka michache wakarudi kumpa mtoto wa jirani barua awasomee. Hawakukosa akili. Walikosa kitu cha kusoma ambacho kiliwavuta.

Kwa hiyo nakuomba ufanye haya. Kaombe kitabu kimoja katika maktaba iliyo karibu nawe, au kwa mwalimu wa shule. Kisome mpaka mwisho. Kisha msomee mwenzako nyumbani, mkeo au mumeo, ukurasa mmoja mmoja jioni baada ya chakula. Msimame mahali ambapo mtu wa kitabuni anaficha jambo, mkaulizane: "Wewe ungesema?" Msijibu upesi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kama wewe ungekuwa Zakaria na umeikuta barua ile, ungefanya nini siku hiyo? Ungefanya nini mwezi uliofuata?

2. Regina angeweza kufanya nini? Ni nini kilimzuia?

3. Charles alimwacha Rosa kwa sababu ya mambo yaliyopita. Je, Charles naye aliulizwa ya kwake? Ilikuwa haki?

4. Bi Farashuu alidhulumiwa kweli. Angefuata njia gani nyingine kuitafuta haki yake? Katika kijiji chenu njia hiyo ipo?

5. Toa mfano wa siri ambayo ni stara, na mfano wa siri inayoficha dhuluma. Usitaje jina la mtu.

6. Andika maoni yako juu ya kitabu chochote ulichosoma, mistari kumi tu. Eleza kilichotokea, jambo moja lililokupendeza, jambo moja lisilokupendeza, na sababu zako. Wasomee wenzako darasani.